DVD, Blu-ray au 4K: diski ipi kwa sebule ipi?

Mdogo wangu anaishi Toronto. Mwaka juzi alimpa boksi mtu aliyekuwa anarudi likizo Tanga: filamu moja ya kivita, kasha jeusi, ndani diski mbili. Siku ilipotufikia tulikula mapema. Mke wangu akaweka simu pembeni, watoto wakapanga mito sakafuni, bi mkubwa akasogezewa kiti chake karibu na TV kwa sababu ya macho. Nikatia diski ya kwanza kwenye deki ya Blu-ray. Ikazunguka, ikanguruma kidogo, halafu kioo kikaandika kwamba diski hiyo haichezeki katika eneo hili. Nikatia ya pili. Hiyo haikusomeka kabisa. Bi mkubwa akavumilia kama dakika kumi, kisha akasema, "Baba, tuwekee ile ya mwalimu wa Kiingereza tucheke, tukalale." Tukaweka DVD ya Mind Your Language, kichekesho cha Uingereza kilichoanza kurushwa 1977, nayo ikacheza bila kuuliza swali.

Tangu usiku ule nimekuwa mtu wa kuulizwa: nibaki na DVD, nihamie Blu-ray, au niruke moja kwa moja hadi 4K? Huwa nauliza kwanza TV ina inchi ngapi, kochi liko wapi na unapenda kuangalia nini. Majibu ya hayo matatu ndiyo yanayochagua diski.

Tunapima nini

Nitazipitisha zote tatu kwenye mizani ileile: picha kulingana na TV na umbali wa kochi, namna kazi yenyewe ilivyopigwa, sauti, kama itafunguka kwenye deki yako, lugha, na inavyostahimili vumbi, mikono ya watoto na umeme wetu. Bei sitaigusa sana kwa kuwa kila mji una yake, ila mpangilio haubadiliki: DVD chini, Blu-ray kati, 4K juu, na 4K inadai ubadilishe na vifaa.

VCD nimeiacha nje. Ndiyo iliyotulea, filamu za Bongo tulizinunua hivyo, sehemu ya kwanza na ya pili, kwa sababu diski moja inabeba kama dakika 74 hadi 80 tu. Picha yake ni nukta 352 kwa 288, robo ya DVD. Ulizonazo zitunze, huenda nyingine hazitapatikana tena popote. Lakini mtu hawezi kuanza nazo leo.

Picha, na hesabu ya kochi

DVD ina mistari 576, au 480 ikiwa ni ya Marekani. Blu-ray ina 1080. 4K ina 2160. Muuzaji atakusomea namba hizo kama mnadani. Asichokwambia ni kwamba jicho lina kikomo: mstari ukishakuwa mwembamba kupita kiasi fulani, hautofautishi tena na jirani yake. Unaona picha tu, huoni mistari.

Nilichukua utepe wa cherehani wa mke wangu nikapima. Kutoka kochi letu hadi kwenye kioo ni mita 2.8. Kwa jicho zima, mistari 576 kwenye TV ya inchi 32 inafikia kikomo hicho ukikaa kama mita 2.4. Maana yake, enzi tulipokuwa na inchi 32, DVD nzuri ilitutosha kabisa, na aliyekuwa akiniambia "picha yako imefifia" alikuwa anasikiliza namba kuliko macho yake. Tulipohamia inchi 43 mambo yakageuka: kikomo cha DVD kikasogea hadi mita 3.2, yaani nyuma ya kochi, na ghafla nyuso za watu wa mbali zikaanza kuonekana kama zimepakwa mafuta. Blu-ray kwenye inchi 43 hiyohiyo inafikia kikomo kwa mita 1.7. Hapo imetupa zaidi ya tunachohitaji.

Sasa pandisha TV iwe inchi 55. Blu-ray inafikia kikomo kwa mita 2.2. Ukikaa mita tatu, mistari ya ziada ya 4K huioni hata ukikodoa. Kinachoonekana ni kingine: zile rangi pana na mwanga wa HDR, taa inayong'aa kama taa kweli huku kivuli kikibaki kivuli. Ni tofauti halisi na nimeiona. Lakini inategemea TV yenye uwezo wa kung'aa. TV nyingi za bei ya chini zimebandikwa neno HDR kwenye boksi na ukiziwasha zinatoa picha yenye giza kuliko Blu-ray ya kawaida.

Hesabu hii ina tundu moja na ni haki kulitaja. Mistari si kila kitu. DVD hubana picha kwa mbinu za miaka ya 1990 ndani ya diski ya gigabaiti 4.7, au 8.5 ikiwa ya tabaka mbili, na inapokuta moshi, maji yanayochemka au chumba chenye giza, picha hukatika vipande kama vigae. Blu-ray ina gigabaiti 25 hadi 50 na mbinu bora za kubana, kwa hiyo giza lake linabaki giza. Hilo unaliona hata ukiwa umekaa mlangoni.

Jaribio langu la siku zote ni tukio moja la Lawrence of Arabia, ile ya 1962. Lawrence na kiongozi wake wa njia wamefika kisimani. Mbali kabisa, pale jangwa linapokutana na mbingu, mazigazi yanacheza. Ndani ya mazigazi inatokea nukta nyeusi. Inakua taratibu mno, hakuna muziki, mpaka inakuwa mtu juu ya ngamia, naye ni Omar Sharif.

Mara ya kwanza niliiangalia kwa DVD, kwenye TV ya chogo ya inchi 21 ya marehemu baba. Filamu ile ni pana mno, hivyo mikanda myeusi juu na chini ilikula karibu asilimia 40 ya kioo. Nukta sikuiona. Nilichoona ni wale wawili wanashangaa, nami nikashangaa wanashangaa nini, mpaka ngamia alipokuwa na ukubwa wa mende. Mara ya pili ilikuwa Blu-ray kwenye inchi 43, na nukta niliiona mapema, nikaanza kuogopa pamoja nao. Ilikuwa kama filamu nyingine. Mara ya tatu ni 4K kwa rafiki yangu anayeishi Tabata, Dar, mwenye kioo cha inchi 65 na kochi lililosogezwa karibu kwa makusudi. Nukta ilikuwa palepale, ila sasa hata joto lilionekana tabaka kwa tabaka, na mchanga haukuwa njano moja. Je, hatua ya pili hadi ya tatu ilinishtua kama ya kwanza hadi ya pili? Hapana. Kutoka DVD kwenda Blu-ray nilipata tukio nililokuwa nimelikosa. Kutoka Blu-ray kwenda 4K nilipata uzuri wa tukio nililokuwa nalo tayari.

Kazi yenyewe ilipigwaje?

Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Diski haiwezi kutoa kisichokuwemo kwenye kamera.

Lawrence ilipigwa kwa mkanda mpana wa milimita 65. Walipoitengeneza upya kwa ajili ya miaka yake 50, mwaka 2012, waliichanganua kwa ukubwa wa 8K. Kuna kitu cha kuchota pale, na 4K inakichota. Planet Earth, makala ya wanyama na mazingira ya BBC, 2006, ilipigwa kwa kamera za HD. Nyumba yake ni Blu-ray. Planet Earth II ya 2016 ina diski ya 4K, nayo kwa mwenye TV ya kufaa ni halali ya macho.

Mind Your Language ilirekodiwa studio kwa mkanda wa video wa enzi zile, mistari 576 inayoonekana, basi. DVD inakupa yote iliyokuwepo. Hata ukiimezesha kwenye diski ya gigabaiti 100, mwalimu Brown hatapata nywele zaidi. Ndivyo ilivyo kwa vichekesho na tamthilia nyingi za studio za miaka ya 1970 na 1980. Kwa mpenzi wa vitu hivyo DVD inatosha, na wala hajinyimi kitu.

Halafu kuna The Wire, inayonitatiza hadi leo. Ni tamthilia ya Baltimore, vipindi 60, 2002 hadi 2008. Ilipigwa kwa filamu lakini ikapangiliwa kwa kioo cha mraba kama cha chogo, na boksi la DVD lina umbo hilohilo. Mwaka 2014 HBO, kituo kilichoirusha, waliitoa upya kwa HD na kuipanua ijaze kioo cha kisasa, na Blu-ray ikafuata 2015 kwa umbo hilo jipya. David Simon, aliyeiunda, alieleza wazi kwamba kuna matukio yaliyofaidika na upana na mengine yaliyopoteza. Ninazo zote mbili. Blu-ray ni safi, unasoma mabango ya mitaani. Lakini wavulana wawili wanapoteta kwenye kona, kwenye DVD wamebanwa na kuta, huna pa kukimbilia. Kwenye Blu-ray kuna nafasi pembeni na ule ubanaji unalegea. Nikiirudia kwa mara ya tatu nitachukua DVD, na najua wenzangu wengi watanicheka.

Kuna na jambo la kasi. Hatari! ya John Wayne, iliyopigwa Tanganyika na kutoka 1962, ina dakika 157. (Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, aliipenda nchi kiasi cha kununua shamba palepale Momella, chini ya Mlima Meru, walikopigia picha.) DVD yake ya Ulaya inaisha kama dakika 151. Nilidhani wamekata. Hawakukata. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na DVD za PAL, mfumo wa TV wa Ulaya na wa kwetu, huzikimbiza kwa 25, hivyo kila saa inapungua dakika mbili na nusu hivi na sauti hupanda kidogo isiporekebishwa. Mimi sikuwahi kuigundua kwa masikio. Jirani yangu anayepiga kinanda aligundua ndani ya dakika moja. Blu-ray na 4K hucheza filamu kwa 24 kama ilivyozaliwa.

Sauti

Kwa ufupi: DVD hubana sauti na kutupa sehemu yake, Blu-ray inaweza kubeba sauti nzima ya studio, na 4K mara nyingi huongeza Dolby Atmos, ambayo inataka spika hata za juu darini. Ukisikiliza kwa spika za TV yenyewe, zote tatu ni ndugu. DVD kwenye sabufa nzuri inaipiga 4K yenye spika za TV, na sitabishana na mtu juu ya hilo.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi si ubora. Ni kwamba mazungumzo hayasikiki na bomu likilipuka mtoto anaamka. Hapo diski haina kosa. Ingia kwenye mipangilio ya deki, sehemu ya sauti, uiambie itoe stereo badala ya mkondo wa spika sita. Deki nyingi zina pia hali ya usiku inayoshusha kelele kubwa na kupandisha ndogo.

Itafunguka?

Hili ndilo lililotuumbua usiku ule.

DVD imegawa dunia kwa namba. Sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwemo, ni kanda 5, pamoja na India na Urusi. Ulaya, Mashariki ya Kati, Japani na Afrika Kusini ni 2. Marekani na Kanada ni 1. Ukisoma hivyo unaogopa, lakini deki nyingi za DVD za bei nafuu zilizojaa madukani kwetu huja zikiwa wazi kwa zote. Miaka yote hii DVD iliyonigomea kwa sababu ya kanda ni moja tu. Kilichowahi kunisumbua ni diski za Marekani kutoka bila rangi kwenye chogo cha zamani, kwa sababu ya tofauti ya PAL na NTSC, mfumo wa Marekani. TV bapa za sasa zinakubali zote.

Blu-ray imegawa kwa herufi. A ni Amerika zote pamoja na Japani na Korea. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni India, China na Urusi. Ona uzuri wake kwetu: London, Muscat, Dubai, Johannesburg na Tanga tuko herufi moja. Shemeji aliyeko Oman akikuletea Blu-ray ya B, imefika nyumbani. Mdogo wangu wa Toronto yuko A. Blu-ray nyingi hazina kufuli lolote, lakini zenye kufuli hazibembelezeki, na deki zake ni kali kuliko za DVD. Tena diski mpya inaweza kugoma mpaka deki ipewe programu mpya kwa intaneti au kwa flashi.

4K haina kanda kabisa. Inacheza popote penye deki ya 4K. Na ile diski ya pili ya Toronto, iliyokataa kusomeka, ilikuwa 4K. Yaani ndani ya kasha moja nilikuwa na diski iliyokuwa huru dunia nzima isipokuwa kwenye deki yangu, na nyingine ambayo deki yangu ingeiweza kama ingetoka upande mwingine wa bahari.

Kabla hujanunua deki, angalia kama kijana wako hajakuwekea tayari chini ya TV. PS3 na PS4, zile mashine za michezo za PlayStation, zinacheza Blu-ray. PS4, hata ile ya Pro, haichezi diski za 4K. PS5 yenye mdomo wa diski inacheza, isiyo na mdomo ndiyo hivyo tena. Upande wa Xbox, One S na Series X zinazicheza.

Lugha

Kwa kanuni DVD inaweza kubeba sauti za lugha 8 na maandishi ya chini ya lugha 32. Kwa vitendo, sijawahi kushika boksi la Hollywood lenye Kiswahili, iwe DVD, Blu-ray au 4K. Kiarabu utakipata kwenye diski za Ghuba, na Kifaransa kwenye nyingi za Kanada. Mgeni wetu wa Bukavu alifurahi mno kuiona filamu nzima kwa Kifaransa huku sisi tukisoma Kiingereza chini, na watoto wakilalamika pande zote mbili. Blu-ray na 4K zina faida ndogo ya kufungua menyu ya maandishi juu ya filamu bila kuikatisha, tena herufi zake zinasomeka. Bi mkubwa, mwenye macho ya shida, husoma maandishi ya Blu-ray kwa kiti chake cha kawaida. Ya DVD lazima asogee.

Kiswahili kipo kwenye njia nyingine: diski zilizosimuliwa. Kwetu Lufufu, Kenya DJ Afro, na wengine wengi, mtu anaingia juu ya sauti ya filamu na kukuhadithia steringi anachofanya na adui anachopanga. Ni sanaa kamili, na nimewaona watu waliolala kwenye filamu ileile kwa Kiingereza wakisimama kwa msisimko ikisimuliwa. Bei yake ni kwamba sauti asilia inafunikwa, muziki unazama, na kwa kawaida mwenye filamu hapati kitu.

Vumbi, mikwaruzo na umeme

Kwenye DVD data imelala katikati ya unene, milimita 0.6 ndani. Kwenye Blu-ray, na 4K ni hivyohivyo, iko milimita 0.1 tu chini ya uso, ila uso wenyewe umepakwa ganda gumu. Matokeo yake ni tabia mbili tofauti. DVD inachubuka kwa kutazamwa tu, lakini mchubuko wake unaweza kusuguliwa na fundi, na wapo wanaofanikiwa hata kwa dawa ya meno. Blu-ray inavumilia mikono ya watoto kwa muda mrefu bila alama, na siku ganda likipasuka hakuna fundi. Usijaribu dawa ya meno.

Kufuta ni kulekule kwa zote: kitambaa laini, toka tundu la kati nenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukizungusha, mkwaruzo utafuata njia ileile leza inayopita, na hapo ndipo inapoganda. Na kama DVD yako inasita nusu sekunde katikati ya filamu, mara moja tu, pahala palepale kila siku, usiifute wala usiilaani. Ni leza inahama tabaka la kwanza kwenda la pili.

Umeme ukikatika, DVD ndiyo rafiki. Inawaka haraka, unabonyeza kitufe cha kutafuta kwenye rimoti, unaandika saa 1 na dakika 12, mnaendelea. Blu-ray nyingi hazikumbuki mlipoishia. Zinaanza na maonyo, nembo, matangazo, menyu inayojifungua kwa mbwembwe. Kwenye usiku wa kukatika mara tatu nimeshuhudia familia ikikata tamaa. 4K nayo iko hivyo, pengine na kusubiri zaidi.

Ile ya ishirini na mbili kwa moja

Kuna atakayesema: kibandani napata msimu mzima kwenye diski moja, boksi la nini? Tupige hesabu kwa msimu wa kwanza wa Prison Break, vipindi 22. Diski ya gigabaiti 4.7 ukiigawa kwa 22, kila kipindi kinapata megabaiti 213 hivi. Diski halali ya tabaka mbili yenye vipindi vinne inakipa kila kimoja zaidi ya gigabaiti mbili. Ni mara kumi. Ndiyo maana usiku, kwenye korido za gereza, nyuso za wafungwa zinageuka vigae. Juu ya hapo ni diski ya kuchomwa, ambayo joto la dashibodi ya gari linatosha kuiua. Na kwa kazi za nyumbani, ndiyo iliyomnyima msanii chakula. Tangu 2013 diski halali za filamu na muziki Tanzania zilitakiwa kuwa na stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, basi mtu alikuwa na njia ya kujua anachonunua.

Nani achukue ipi

TV yako ni inchi 32 au pungufu, au bado ni chogo, na umeme wenu una tabia zake: DVD, bila aibu. Hela utakayookoa weka kwenye sabufa.

Unapenda vichekesho na tamthilia za zamani, au una mzazi anayezipenda: DVD pia, hata kama una TV kubwa. Ila ulizia kwanza kama ilirekodiwa kwa video au kwa filamu.

TV yako ni inchi 40 hadi 50, unaangalia filamu kuliko tamthilia, na kuna PS3 au PS4 inayokusanya vumbi: Blu-ray. Anza na filamu zilizopigwa nje, jangwani, baharini, mbugani, ndizo zitakazokuonyesha tofauti siku ya kwanza. Usizinunue upya DVD zako zote. Chagua tano unazozirudia.

Una inchi 55 kwenda juu, TV inang'aa kweli, kochi linasogezeka, na uko tayari kununua diski chache kwa mwaka: 4K inakufaa. Filamu za mkanda mpana na maandalizi mapya, wanyama na bahari. Kwa tamthilia ndefu sioni sababu, labda uwe na ile moja unayoipenda kuliko zote.

Watoto wadogo ndani: katuni ziwe DVD, maana zitakanyagwa. Zako ziwe Blu-ray, juu ya kabati.

Mnataka kuangalia kwa Kiswahili, wote pamoja, na bibi: hakuna katika hizi tatu inayowatimizia, isipokuwa mnunue kazi za hapa kwetu zilizotengenezwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, nazo ziko zaidi kwenye DVD.

Una ndugu nje anayeuliza akuletee nini: wa Ulaya na Ghuba mwambie Blu-ray yenye herufi B au isiyo na kufuli. Wa Marekani na Kanada mwambie DVD kama deki yako iko wazi, au 4K kama una pa kuichezea, na Blu-ray aangalie herufi kwanza nyuma ya kasha, pale chini kwenye maandishi madogo.

Boksi la Toronto nililipandisha basi kwenda Dar kwa yule rafiki wa Tabata, mwenye PS5 ya mdomo. Alinipigia usiku uleule kunieleza filamu ilivyo, tukio kwa tukio, mpaka mwisho, kabla sijapata nafasi ya kumwambia anyamaze.